Marehemu wa Muda na Kiti cha Wastaafu

Zamani za juzi tu, katika nchi ambayo haijapata jina kwa kuwa kamati ya kuitafutia jina bado iko vikaoni na posho haijakatika, waliishi wazee wenye bahati kuliko wazee wote duniani. Nasema hivyo nikiwa na uhakika, maana nami ni mmoja wao. Nilikuwa afisa habari wa serikali mpaka nilipostaafu, na katika utumishi wangu wote sikuandika habari mbaya hata moja. Si kwamba hazikuwepo, ila hazikuletwa mezani kwangu. Kwa hiyo msomaji asiwe na wasiwasi. Haya nitakayosimulia ni habari njema, isipokuwa pale ambapo kalamu, kwa uzee, itateleza.

Bahati yetu ilikuwa ni Mfuko. Kila mtumishi wa umma alikatwa sehemu ya mshahara wake, ikawekwa kwenye Mfuko wa Pensheni ili akizeeka asihangaike. Na kweli hakuna mzee aliyehangaika kuutafuta Mfuko, maana ofisi zake zilikuwa katikati ya mji, na foleni yake ilionekana kutoka kila upande.

Mfuko uliongozwa na Bodi yenye viti tisa. Uwakilishi wake ulikuwa wa kupigiwa mfano. Palikuwa na mjumbe wa waajiri. Palikuwa na mjumbe wa wafanyakazi, bwana mnyenyekevu ambaye hakuwahi kuajiriwa popote na kwa hiyo hakuwa na upendeleo. Walikuwepo pia mjumbe wa mabenki, mjumbe wa makandarasi, mjumbe wa wauza saruji na mjumbe wa wauza marumaru. Wawili waliwakilisha hisia za Mheshimiwa Rais, mmoja hisia za asubuhi na mwenzake za jioni. Kiti cha tisa kilikuwa chetu sisi wastaafu.

Mjumbe wetu alikuwa amefariki kitambo, lakini hilo halikumrudisha nyuma. Posho yake ya kikao iliendelea kutoka, na kumbukumbu za mikutano zilionyesha kwamba alihudhuria kuliko wenzake wote, hakuchelewa, wala hakuomba ruhusa ya kwenda msalani. Alizikwa kwa heshima na akaendelea kuheshimiwa.

*

Sasa nimlete jirani yangu. Bi Nyamizi alikuwa sajini mstaafu wa gereza la wanawake, mama mrefu, aliyenyooka, mwenye sauti ya kuamsha bweni zima bila kengele. Mumewe, Mzee Masunga, alikuwa dereva wa greda wa Idara ya Barabara. Ukimtembelea atakwambia kwamba barabara zote za nchi hii alizilaza yeye, na kwamba zimeharibiwa na wale wanaopita juu yake. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono na mguu wa kulia vikafa, mdomo ukapinda kidogo, ila utani ukabaki mzima.

Kwa bahati mbaya kiharusi kilikuja msimu wa uhakiki. Msomaji wa nchi nyingine huenda hajui uhakiki ni nini. Kila mwaka mstaafu hufika dirishani kwa Mfuko, huvua kofia, husema kwa sauti, "Nipo!" na karani humjibu, "Tumekuona." Basi. Asiyefika huandikwa marehemu wa muda. Serikali yetu haina haraka ya kumzika mtu, ndiyo maana kwanza humzika kwa muda.

Masunga hakufika. Akaenda mkewe.

"Mume wangu hawezi kutembea, mwanangu," alimwambia karani. "Amepigwa na kiharusi. Hebu twende ukamwone, ni hapo tu nyuma ya soko."

"Mama, sisi hatuhakiki majumbani. Mtu aliye hai huja mwenyewe."

"Na asiyeweza kuja?"

Karani alitazama dari akitafuta maneno yasiyoumiza. "Asiyeweza kuja, mama, ndiye huyo sasa."

"Lakini nimemwacha anakunywa uji!"

"Uji si kigezo, mama yangu."

Pensheni ya Masunga ikasimama, na kadi yake ya bima ikafungwa. Hospitali ya serikali haikuweza kumpokea, kwani mwongozo unakataza kumpa marehemu dawa za walio hai. Daktari mmoja mwenye huruma alimchungulia kwa siri, akaandika kwamba hali ya mgonjwa haijabadilika tangu alipofariki. Walikuwa na mbuzi, wakawauza. Walikuwa na chumba cha uani, wakaezua mabati. Bi Nyamizi naye alikuwa na presha, na vidonge vyake vya bima akawa anavivunja katikati, nusu yake, nusu ya mumewe. Nusu haimtoshi mtu. Kila juma Masunga alizidi kupungua kitandani, na mkewe akageuka mtu wa kukaa kimya, jambo ambalo mtaa mzima hatukulizoea.

"Kumbe kufa ni rahisi hivi," Masunga aliniambia siku moja nilipokwenda kumjulia hali. "Ningejua nisingeogopa ujana wangu wote."

Nilicheka. Bi Nyamizi hakucheka. Alikuwa amemshika mumewe ule mkono uliokufa, anaukanda kwa mafuta ya nazi kama mtu anayekanda unga wa watoto wenye njaa.

*

Ndipo Bodi ilipotoa Azimio la Mapumziko ya Milele. Lilikuwa azimio zuri, lenye utangulizi uliotaja utu na heshima. Lilisema kwamba si haki kumwacha mzee akining'inia kati ya uhai na mauti, kwa hiyo marehemu wote wa muda wawe marehemu wa kudumu, na pensheni zao zijenge Jumba la Ustaafu la ghorofa thelathini, lililovikwa marumaru juu mpaka chini, ambamo wastaafu wangeruhusiwa kuingia siku ya ufunguzi.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Sheria ya zamani, ambayo mtu fulani alisahau kuifuta, ilisema kwamba azimio lolote la kumwondoa mstaafu kwenye Mfuko lazima lisainiwe na mjumbe wa wastaafu. Na mjumbe wa wastaafu, pamoja na mahudhurio yake mema, hakuwa akisaini. Walimngoja kwa heshima vikao kadhaa. Mwisho Waziri wa Uzee na Mambo Yasiyo ya Haraka akatangaza kwamba kiti kitajazwa upya.

Tulikusanywa uwanjani tumsikilize.

"Ndugu wazee!" alianza Waziri, na mwavuli wake ukashikwa vizuri zaidi. "Kuna wanaosema Serikali inawachagulia wazee mjumbe. Huo ni uzushi! Serikali haiwachagulii. Serikali inawasaidia kuchagua. Mzee ni hazina, na hazina, ndugu zangu, tangu lini ikaachwa mikononi mwa wenyewe?"

Tulipiga makofi. Hatukuwa tumeelewa, lakini jua lilikuwa kali na Waziri alikuwa amemaliza sentensi.

Iliundwa tume ya kutafuta namna bora ya kumpata mjumbe. Tume ilisafiri nchi nyingi, hasa zile zenye bahari, ikarudi na mapendekezo. La kwanza lilikuwa mtihani. Likajaribiwa, akafaulu mhasibu mmoja mstaafu ambaye alianza kuuliza fedha ziko wapi, mtihani ukafutwa kwa kuwa umevuja. La pili lilikuwa bahati nasibu. Hilo lilionekana hatari, kwani bahati inaweza kumwangukia yeyote, hata mtu mwadilifu. La tatu lilikuwa uteuzi wa Waziri, ambalo tume nzima ililipenda, lakini wahisani waliotukopesha saruji walikunja uso. Likabaki la nne, foleni. Wagombea wasimame uwanjani, kila mstaafu apange nyuma ya amtakaye, msimamizi ahesabu vichwa. Kura ya karatasi ina siri, alieleza Waziri, na siri ni tabia ya wezi.

Masharti ya mgombea yalikuwa mepesi. Awe mstaafu, aweze kusimama, na asiwe na malalamiko dhidi ya Mfuko.

Chama tawala hakikuwa na mgombea, maana Bodi haina siasa. Ikatokea tu kwamba Bwana Hanzuruni, mdogo wake mke wa Waziri, alijisikia kuwatumikia wazee. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, ngozi laini, hana hata mvi moja ya kuazima. Wenye midomo waliuliza amestaafu lini. Majibu yalitolewa hadharani. Aliteuliwa naibu mkurugenzi siku ya Jumatatu, na Ijumaa yake akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Umma wenyewe haukuulizwa umenufaika vipi.

Na Bi Nyamizi akaenda kuchukua fomu.

Nilimsindikiza, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Wale wa usaili walimkalisha kwenye kiti kifupi, wakamwuliza kama ana malalamiko yoyote dhidi ya Mfuko.

"Sina malalamiko," alisema. "Nina mume."

Walinong'onezana. Hawakuona kifungu kinachokataza mume. Lakini mmoja wao, mtu makini, akafungua jalada na kusema mume huyo ni marehemu wa muda, hivyo mgombea aandikwe mjane. Nilimwona Bi Nyamizi akivuta pumzi kwa pua mara moja, kwa nguvu, namna alivyokuwa akifanya zamani mfungwa alipomtukana. Kisha akasema, "Andikeni." Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mwenye maji shingoni hachagui kamba.

*

Kampeni yake ilikuwa neno moja. Aliingia nyumba hadi nyumba, haketi, hanywi chai, anasema, "Mkinipa kiti kile, sitasaini." Kisha anakwenda nyumba nyingine.

Neno hilo liliwaingia wazee. Karibu kila nyumba ilikuwa na marehemu wake wa muda, ama aliyelala ndani, ama aliyesahau siku ya uhakiki, ama yule aliyefika dirishani akasema "Nipo" kwa sauti ndogo mno karani asimsikie. Mwalimu Sengondo, mzee wetu msomi, alijitolea kuwa mpiga debe mkuu. Alisimama sokoni akahutubia mpaka koo likakauka.

"Wazee wenzangu!" alisema. "Tumedharauliwa vya kutosha! Siku ya kura tutasimama nyuma ya mama huyu mpaka miguu ioze! Ahadi ni deni!"

Tuliapa sote. Wengine waliapa kwa misahafu, wengine kwa wajukuu. Mimi niliapa kwa pensheni yangu, kiapo ambacho katika nchi yetu mtu hakichezei. Jioni ile nilimwona Bi Nyamizi akirudi kwake kwa hatua ndefu, na kupitia dirishani nikamsikia akimwambia mumewe, "Watasimama, Masunga. Wote watasimama." Tangu augue mzee yule sikuwa nimesikia furaha katika sauti ya mama huyo. Nami nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Bwana Hanzuruni hakufanya kampeni kabisa. Alimwita seremala, akaagiza meza.

*

Siku ya uchaguzi tulikusanyika kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, penye mabanda ya ng'ombe lakini hapana kivuli cha mtu. Masunga tulimleta kwa mkokoteni, amelazwa juu ya godoro, amevaa koti lake la Idara ya Barabara. Alikuwa amesema hawezi kukosa. "Nataka nimwone mjane wangu akishinda," alisema.

Msimamizi wa Uchaguzi alisoma kanuni kwa kipaza sauti. Kura ni mtu aliyesimama. Anayekaa hahesabiwi, anayeegemea hahesabiwi, anayechuchumaa atahesabiwa nusu iwapo atainuka kabla ya kipenga. Kisha akauona mkokoteni nyuma ya Bi Nyamizi.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu."

"Fomu inasema wewe ni mjane."

"Fomu mliandika nyinyi."

"Basi hiyo ni maiti katika eneo la kura," alisema Msimamizi kwa upole. "Itolewe nje ya kamba, tafadhali. Tunaheshimu imani zote, lakini tusichanganye mambo."

"Habari za asubuhi, bosi," Masunga alimsalimia kutoka godoroni. Msimamizi hakuitika, maana kanuni hazikuwa na kifungu cha kumjibu.

Tulimsogeza nje ya kamba, juani. Bi Nyamizi akavua kanga yake ya juu, akaitundika kwenye mpini wa mkokoteni impe kivuli cha uso, kisha akarudi kusimama mahali pake. Tukapanga nyuma yake. Mwalimu Sengondo alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Nilipogeuka niliona mstari umekwenda mpaka banda la kuku na kulizunguka. Mikongojo, miwani ya kamba, mabibi wameshikana viuno wasianguke. Nilitokwa na machozi, sikatai. Bi Nyamizi hakugeuka nyuma. Aliwaamini watu wake.

Upande wa pili Bwana Hanzuruni alikuwa na watu wachache tu, vijana waliobandikwa ndevu za pamba. Lakini hakuwa amesimama kama mgombea. Alikuwa ameketi nyuma ya ile meza yake mpya. Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani. Juu ya meza palikuwa na kisanduku cha chuma. Na vijana wenye ndevu za pamba walikuwa wamepanga mbele ya meza, wanasogea kidogo, wanainama kwenye kisanduku, wanaondoka wakitabasamu na kutia mikono mifukoni, kisha wanazunguka banda la ng'ombe na kuja kupanga tena.

Hapa yanipasa nieleze tabia yetu moja. Sisi tukiona foleni hatuulizi, tunapanga. Maswali huja baadaye, ukishapata nafasi. Sukari ilipoadimika, aliyesimama kuuliza alikuta imekwisha. Mafuta ya taa vivyo hivyo, na vitambulisho vivyo hivyo. Na mstaafu ndiye bingwa wetu, miguu yake hupanga kabla kichwa hakijaamua. Foleni yenye meza ya kitambaa, bwana nyuma ya meza, na kisanduku cha chuma juu yake, mzee wa Mfuko anaijua ina maana gani. Ameingoja ndotoni.

Aliyeanza alikuwa bibi mmoja kule mkiani, penye banda la kuku. Alisema anakwenda kuchungulia tu. Hakurudi. Akafuata mwenziwe kumwita, naye hakurudi. Foleni ya pili ikaanza kurefuka, na kadiri ilivyorefuka ndivyo ilivyoaminika, maana watu wote wale hawawezi kuwa wajinga kwa pamoja.

"Wanalipa malimbikizo!" mtu akasema.

"Wanalipa nini?"

"Sijui, lakini wanalipa!"

"Msimame!" Bi Nyamizi aliamuru bila kugeuka, kwa sauti ile ya bweni. Kwa muda mfupi tulisimama kweli. Wafungwa wake wa zamani, kama walikuwepo, nadhani walisimama kuliko sote.

Lakini mkono mtupu haulambwi, na jua lilikuwa utosini. Mwalimu Sengondo alinong'ona sikioni kwangu kwamba anakwenda kuwaelimisha wale waliopotoka. Nilimwona akifika kule, akiinua kidole kuanza kuhutubia, akitazama meza, akishusha kidole, akipanga.

Mimi nilibaki. Nataka hilo lieleweke. Nilibaki mpaka nilipokuwa peke yangu nyuma ya Bi Nyamizi, na hata hapo nilitoka kwa nia njema tu, ya kwenda kuulizia. Niliuliza mtu wa mwisho wanatoa nini. Akasema hajui, na yeye amekuta watu. Nikaona si vizuri kurudi na jibu lisilokamilika, nikashika nafasi.

*

Bi Nyamizi alibaki peke yake uwanjani, amenyooka, mikono nyuma. Mbele yake palikuwa na mumewe kwenye mkokoteni, nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kisha habari ikashuka kutoka kichwani mwa foleni, mdomo hadi mdomo. Wanafufua! Yule bwana mezani ana majina ya marehemu wa muda. Ukimtajia mtu wako anamrudisha, pensheni na bima na kila kitu, leo leo, kabla meza haijafungwa. Mimi, ambaye Mwalimu Sengondo alikuwa ameshanivutia mbele karibu na meza, niliisikia, nikaipitisha kwa aliyekuwa nyuma yangu, kwa sababu habari njema haikaliwi. Ikafika mpaka kwenye kamba.

Masunga aliisikia.

"Nyamizi," aliita.

Aliendelea kusimama, mikono nyuma.

"Mama. Nenda ukapange."

"Siendi."

"Wanarudisha watu. Umesikia."

"Nikienda pale nimempa kiti, Masunga. Nimempa kalamu mkononi."

"Kiti umeshakikosa. Tazama nyuma yako." Alitafuta pumzi. "Tazama, nakuomba. Hakuna mtu."

Akatazama. Ndiyo mara ya kwanza alipogeuka tangu asubuhi. Nilijificha nyuma ya mzee mnene.

"Mimi sitafika uhakiki mwingine," Masunga alisema. Utani ulikuwa umemtoka, na sauti yake bila utani ilikuwa sauti ya mtoto. "Nasikia mwenyewe huku ndani. Sitaki kukufia njaa na hasira. Kama kuna dawa pale mezani, hata ya mwezi mmoja, nenda. Nakuomba. Kabla hawajafunga."

Sijawahi kuona mtu akisimama vile. Alitazama mahali aliposimama, pale chini, kana kwamba anaacha kitu. Kisha akatembea. Alivuka uwanja mtupu, akafika mkiani mwa foleni ya Hanzuruni, na wazee waliomwapia hawakuweza kumtazama. Lakini tuna adabu zetu. Tulimsukuma mbele kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, "Pita mama, pita," mpaka akasimama mbele yangu.

Kipenga kikalia pale pale.

Msimamizi hakupata taabu ya kuhesabu. Alitangaza kwamba Bwana Hanzuruni amechaguliwa kwa kura zote, pamoja na ya mpinzani wake, na kwamba jambo hilo halijatokea katika nchi yoyote yenye bahari. Waziri akatoka kwenye hema lake akipiga makofi, akamkabidhi shemeji yake karatasi. Bwana Hanzuruni akafungua kisanduku cha chuma. Ndani yake mlikuwa na kalamu, basi. Akaitoa, akasaini, akaifunika.

Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Tulidhani ndiyo kwanza wanaanza.

Tulisogea. Nafasi ya Bi Nyamizi ikafika.

"Karibu, mama," alisema Mheshimiwa Mjumbe, na kwa kweli alikuwa kijana mwenye malezi, alisimama kumpa mkono. "Shikamoo. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya mume wangu. Masunga, wa Idara ya Barabara. Tumesikia mnawarudisha watu."

Mjumbe alipitisha kidole kwenye karatasi. "Masunga, Masunga. Ndiyo, huyu hapa. Nimeshamsaini."

Nikiwa nyuma ya Bi Nyamizi niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa kuni. "Amerudi?"

"Amepumzika, mama. Azimio limepita."

"Nani amelipitisha?"

"Wastaafu wenyewe." Alishangaa kwamba hajui. "Hukuwa kwenye mstari wangu? Nimesaini kwa niaba yako."

Nilingoja Bi Nyamizi apige kelele, ile sauti ya bweni, angalau mara moja. Aliiangalia tu ile kalamu iliyofunikwa. Kisha akageuka, akavuka uwanja kurudi kwenye mkokoteni, taratibu, akijishika nyonga kama kikongwe. Asubuhi hakuwa kikongwe.

"Wamesemaje?" Masunga aliuliza.

"Twende nyumbani."

"Wamenirudisha?"

"Twende nyumbani, mume wangu." Aliitoa kanga kwenye mpini, akamfuta jasho usoni, akaanza kuusukuma mkokoteni peke yake. Mchanga wa pale ni mwingi, na gurudumu moja lilizama.

Moyo uliniuma, nasema kweli. Ningekwenda kumsaidia kusukuma, lakini zamu yangu ilikuwa imefika.